Fomu ya Uhuru, Nakala Tatu

Kaunti ya Tamarack, kaskazini mwa Minnesota, ilitangaza kwa fahari kwamba kila mtumishi sasa yuko huru kuchagua programu ya kompyuta aitakayo, ya kulipia au huria isiyo na malipo, mradi ajaze Fomu ya Uhuru, nakala tatu, kisha asubiri siku tisini. Jamani, serikali gani nyingine inakupa uhuru na foleni yake? Fomu yenyewe ilifunguka kwa programu ya kulipia tu. Mkurugenzi wa Uhuru wa Kuchagua, Bwana Wendell Stroud, alisema hilo linapunguza usumbufu wa kuchagua.

Marit Halvorsen, mkutubi, hakupunguziwa kitu. Kompyuta sita za maktaba yake zilikuwa kuukuu. Programu ya kulipia ilizizimisha, ile huria ikazifufua. Hapo ndipo wachimba madini walioachishwa kazi walipoandikia barua za kuomba kazi. Sasa Stroud alitaka zing'olewe Ijumaa, kwa kosa la kutumia programu bila kibali.

Alhamisi alisimama mbele ya baraza, akatumia dakika tatu ambazo kila mwananchi hupewa.

"Mimi nimeshachagua. Niachieni kompyuta zangu!"

"Umechagua bila kibali, mama," alisema Stroud. "Huo si uhuru, ni ujeuri. Jaza fomu."

"Haifunguki kwangu!"

"Nunua programu, ijaze, uombe ruhusa ya kutoitumia. Ugumu uko wapi?"

Saa ya jikoni ambayo mwenyekiti alipimia zile dakika tatu ikalia. Marit akaketi na kompyuta yake ya mkononi, nayo ya programu huria.

Ikafika zamu ya Stroud kuonyesha ripoti yake ya mwaka. Kioo cha kompyuta yake kikaandika: leseni ya programu imekwisha. Ombi la kuihuisha lilikuwa mezani kwake mwenyewe, siku ya arobaini kati ya tisini.

"Bila ripoti hatukuongezei mkataba," alisema mwenyekiti.

Stroud akamwinamia Marit. "Dada'angu, nifungulie kwenye hiyo yako."

"Hii? Haina kibali."

"Aa, leo tu!"

"Sema kwa sauti, karani aandike."

"Nachagua programu huria! Haya, fungua!"

Marit akaifungua. Karani akaandika.

Ijumaa mafundi walitekeleza kanuni neno kwa neno: waling'oa kompyuta ya Mkurugenzi, kwani karani alikuwa ameandika kwamba amechagua bila kibali. Za maktaba zilibaki, kwa sababu amri ya kuzing'oa ilihitaji sahihi ya Stroud, iliyokuwa ndani ya kompyuta hiyohiyo.

Jumatatu Stroud alipanga foleni maktabani, nyuma ya wachimba madini wanne, aandike barua ya kujitetea.

"Karibu, Bwana Mkurugenzi," alisema Marit. "Chagua programu uitakayo. Ipo moja."