Pikipiki Inayopiga Mayowe na Harusi ya Alhamisi

Kwa Bwana Meneja,
Duka la Pikipiki, karibu na soko kuu,
Wonosobo.

Bwana Meneja mheshimiwa,

Salamu nyingi kutoka huku juu mawinguni, kijiji cha Watulawang. Natumaini wewe, mama watoto, na yule kijana wako mwenye nywele za kusimama aliyeniuzia pikipiki, hamjambo. Mimi sijambo kidogo tu, na sababu ni ninyi.

Jina langu ni Wagimin. Elimu yangu ni darasa la nne, ila nililisoma mara mbili, kwa hiyo hesabu la nane. Kwa upande wa pikipiki sina mpinzani mlima huu wote. Bata wangu, maana ndivyo tunavyoziita zile ndogo zisizo na klachi ya mkono, nimemwendesha tangu Murni, binti wa marehemu mdogo wangu, akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Kuna siku bata huyo alipandisha magunia matatu ya viazi, mbuzi na mama mkwe, na mama mkwe akafika bila kujua kwamba kuna mbuzi. Mashahidi wapo. Ni mmoja tu aliyekwisha kuliwa.

Sasa Alhamisi hii, inayoangukia Pon katika kalenda yetu ya jadi ya siku tano, Murni anaolewa. Baba yake hayupo, walii wake ni mimi, na ni mimi wa kumpeleka kwenye ofisi ya ndoa huko chini. Siku hiyo wazee waliitafuta kwa kupiga hesabu za kuzaliwa kwa bwana na bibi harusi. Haiahirishwi hata mlima uteme moto. Nami niliapa mbele ya watu, kwenye shughuli nyumbani kwa jirani yangu Tukijan, sahani ya wali mkononi, kwamba mtoto wa ndugu yangu hatakwenda kuolewa juu ya bata wala juu ya gari la kabichi. Atakwenda juu ya pikipiki kubwa nyekundu, nyuma ya mgongo wangu. Nikamuuza bata, nikauza na ndama, nikaja kwako.

Leo Murni anasema atapanda gari la kabichi. Hapo ndipo panaponiuma, na malalamiko yangu ni haya:

1. Injini inapiga mayowe. Kijana wako aliniambia, "Mzee, usiiogope, nguvu zake ziko juu. Iache ipige resi, mshale wa mizunguko ya injini upande juu, ndipo ubadilishe gia." Bwana Meneja, kwetu kitu kikipiga mayowe kinaumwa. Bata alikuwa akiguna kama mzee anayemeza uji wa moto, na kazi ilifanyika. Hii yenu, mshale ukifika nusu tu moyo wangu unaingia huruma, naweka gia nyingine. Hapo hapo inakohoa, inatetemeka, inazimika katikati ya kilima, na watoto wa shule wananipita kwa miguu wakinipa pole. Nikijikaza nikaiacha ilie, kuku wanaacha kutaga. Bilali wetu alfajiri moja alikata adhana katikati akasubiri nipite. Hata mke wangu Ngatinah hajawahi kudai apigiwe kelele ndipo afanye kazi, na huyo ana madai mengi.

2. Pedali ya gia imefungwa juu chini. Dunia nzima inajua kwamba ukikanyaga mbele kwa vidole, gia inapanda; ukikanyaga nyuma kwa kisigino, inashuka. Ndivyo nilivyofundisha kijiji hiki kizima, pamoja na mwalimu wa dini. Hii yenu kwa nyuma haina hata pa kuweka kisigino, na ukikanyaga mbele inashuka! Jumapili, kwenye mteremko wa makaburini, nilikuwa gia ya tatu nikitaka ya nne. Nikakanyaga kama mtu mwenye akili. Injini ikatoa ukelele uliosikika ng'ambo ya bonde, gurudumu la nyuma likagoma, nami nikaagana na kiti. Nilivuka shamba zima la tumbaku kwa njia ya anga. Nilipofika juu kabisa niliona paa la duka lako, linahitaji rangi. Nikatua kwa miguu miwili katikati ya kina mama waliokuwa wakipalilia, nikawasalimu. Mmoja wao, wala hakuacha jembe, akaniuliza, "Baba, mbona umetangulia? Pikipiki yenyewe inafika saa ngapi?"

Murni aliyaona yote kutoka barazani. Hakucheka. Alinifuta udongo mgongoni, akasema kwa upole unaouma kuliko tusi, "Baba mkubwa, mimi nataka kuolewa. Sitaki kuzikwa nikiwa nimepambwa."

3. Tangi limewekwa mahali pa mzigo. Kwa bata, pale katikati ya miguu ndipo panapokaa mtungi wa gesi, majani ya ng'ombe, au kapu la vyakula vya harusi. Ninyi mmepajaza petroli. Nilijaribu kulaza majani juu ya tangi. Sikuona njia, na ng'ombe wa Tukijan alinifuata mpaka sokoni akila polepole.

Kwa hiyo naomba, bila hasira, utume fundi kabla ya Alhamisi aje kuigeuza pedali. Kiwanda kikikataa kugeuza moja, basi kigeuze za nchi nzima, nisionekane peke yangu. Hilo likiwa gumu, ofisi ya ndoa ihamishiwe huku juu kwa siku moja. Nasikia ninyi wafanyabiashara mnajuana na wakubwa. Na yote yakishindikana, njoo wewe mwenyewe, umevaa batiki yako ya heshima, usimame mbele ya msikiti utangaze kwamba kosa si la mguu wa Wagimin. Au chukua mali yako unirudishie bata wangu. Aliyemnunua ni Tukijan, na kila jioni hupita naye mlangoni pangu taratibu, akipiga honi.

Nakuambia jambo moja bila chumvi. Mdogo wangu hakuniachia kazi nyingine duniani ila hii ya kumfikisha binti yake. Nikimwacha aende katikati ya kabichi, nitapitaje pale makaburini?

Wasalimie wote wa dukani, na yule mama anayekaa mlangoni akiuza tempe, vile vipande vya soya vya kukaanga. Mwambie tempe yake haijanisumbua hata kidogo.

Ni mimi, mwenye haki na goti lililovimba,

Wagimin

Tanbihi: Barua hii ilikuwa ikisubiri gari la kabichi liishushe mjini, Murni akaja kuomba funguo. Nilisahau kukueleza kwamba aliwahi kufanya kazi kiwandani Semarang, na wasichana wa huko huazimana pikipiki kama hizi. Akavua ndala. Akapiga resi mpaka mshale ukapanda mahali ambapo mimi sijawahi kuuona, akaingiza kidole cha mguu chini ya pedali, akainua. Akapotea kwenye kona. Alirudi na vitunguu vya Ngatinah kutoka sokoni, na nywele hazijamvurugika.

Akaniambia, "Baba mkubwa, usikanyage. Inua. Na iache ilie, haiumwi, ndiyo sauti yake." Kisha akapigapiga kiti cha nyuma. "Panda basi. Au nani atanioza?"

Kwa hiyo fundi asije, na pedali iacheni ilivyo. Alhamisi tunashuka kwa pikipiki nyekundu kama nilivyoapa. Yeye ataendesha, amevaa suruali. Mimi nitakaa nyuma na kebaya yake, ile blauzi ya harusi, ndani ya mfuko, abadilishe akifika. Kuhusu mgongo wa nani utakuwa mbele, watu wa kijiji chetu ni wepisi wa kusahau.

Ninachoomba sasa ni kile chuma cha kushikia abiria tu, kiwe imara. Leo tumejaribu mpaka makaburini na kurudi, na kina mama wa tumbaku wanathibitisha kwamba mayowe yaliyosikika safari hii hayakuwa ya injini.