Mayai Thelathini ya Kpandroma

Jumatatu, 6 Machi 1978

Fomu za ofisi ya barabara zimefika hapa Bunia kutoka Kinshasa. Kila kilometa ipewe noti, yaani alama: 0 ni mashimo matupu, 5 ni laini. Zina safu nne, kwa barabara ya njia nne! Yetu ya Kpandroma ina njia moja, na nusu yake matope. Mwenzangu Anselme amechukua kijiti cha kupimia na kwenda upande wake kwa miguu. Anajipendekeza. Mimi naogopa mvua, naogopa mbwa wa kilometa 12. Tena shefu Ngabu, mkubwa wetu wa ofisi, kasema atakayeandika uongo atahamishiwa porini Epulu, kufyeka kando ya barabara. Kule kuna chui.

Jumanne, 7 Machi

Nimepata akili! Shemeji yangu Kaswera anakwenda Kpandroma kununua viazi. Nimemwomba aniletee mayai thelathini kwa lori. Yakivunjika mengi, barabara mbaya. Yakifika mazima, nzuri. Sikumweleza sababu. Nimemsihi tu ayachunge sana.

Alhamisi, 9 Machi

Mayai thelathini, yote mazima! Nimeandika 5 kila kilometa, safu zote nne. Anselme amerudi na homa na noti za 1 tupu. Maskini.

Ijumaa, 10 Machi

Balaa. Muhandisi kutoka Kisangani amesoma fomu yangu. Njia nne laini mpaka Kpandroma! Anataka kuziona kesho, na mimi nikae mbele nimwonyeshe. Nimekimbia kwa Kaswera kuuliza mayai yalikaa wapi ndani ya lori. Akanishangaa.

“Weye mwenyewe ulisema nichunge mayai. Njo maana nikabeba ku mapaja mpaka Bunia.”

Kila paka anayepita namwona chui.

Jumamosi, 11 Machi

Nilipanda na kikapu cha mayai mapajani, zawadi ya kumlainisha muhandisi. Kilometa 9, gari likazama hadi milango. Muhandisi alishuka, kiatu kikabaki matopeni. Akaniuliza kwa upole hii ni njia ya ngapi kati ya zile nne. Upole ule ulinitia baridi. Nikamnyooshea kikapu, hakukipokea. Shefu, aliyekaa kiti cha nyuma, ndiye aliyesema.

“Katsuva, utapima kilometa zote na miguu. Noti moja ya uongo, weye uko mutu wa Epulu.”

Jumatatu, 13 Machi

Kilometa 1. Kijiti mkononi. Barua ya Epulu imeshapigwa taipu, inangoja sahihi tu. Shefu alinionyesha.

Lakini nimefikiri. Juzi gari lilizama, na mayai mapajani mwangu hayakupasuka hata moja. Basi mbinu haina kosa. Kosa ni mapaja! Lori la Kaswera limepita likienda Kpandroma, nimelisimamisha. Nimempa kikapu kipya cha mayai, nikamwambia safari hii akiweke nyuma, juu ya magunia, wala asikichunge.

Kisha nimerudi nyumbani kupumzisha miguu.