Mgonjwa wa Lesotho

Alhamisi, 12 Juni
...na bado namsikia Vivek akicheka kule mbele. Acha acheke. Niko stoo nyuma ya marobota ya blanketi, na nimeshika nchi nzima kwa kichwa. Lesotho! Vivek, kijana wa Mzee Indravadan mwenye duka, amenisomea kwa simu. Mimi na kusoma Kiingereza hatuelewani. Nchi yote iko juu milimani, hakuna pahali pa chini. Afrika Kusini imeizunguka kila upande. Watu wanavaa blanketi na pini, hata juu ya farasi. Sabato ni mimi nitasimulia nchi ya umisheni kanisani. Nilijitolea! Mimi, ambaye nikisalimiwa naangalia viatu. Ni sababu ya Gesare, anayefundisha watoto. Duncan wa kinanda anamzunguka kama hiyo Afrika Kusini.

Ijumaa, 13 Juni
Mpango! Nitavaa blanketi. Nikifunika nusu ya uso sitaona watu, sauti itatoka. Mzee Indravadan amenipa ile nyekundu ya dirishani. Akasema Jumatatu irudi bila harufu ya moshi. Bibi yake, Mama Sarla, akaongeza pini. Watu wazuri! Jioni nimefanya mazoezi, nimemsimulia ng'ombe wetu. Alisikiza mpaka mlima wa Thaba Bosiu, ule wanasema ulikuwa unakua usiku ndio maadui washindwe kupanda. Halafu akaenda zake.

Sabato, 14 Juni
Nilisahau kitu kimoja. Hapa Nyakoe, kijana akiingia kanisani amejifunika blanketi, huyo ni wa kuombewa. Sijafungua mdomo, Mama Eucabeth, mkubwa wa akina mama, akanishika paji la uso. "Uuwi! Mtoto wa wenyewe anachomeka!" Si ni blanketi? Wazee wakaniwekea mikono. Nikasema Lesotho. Mzee Momanyi akasema nimeanza kuweweseka, watu waombe kwa nguvu. Nikapelekwa nyumbani. Duncan akasimulia badala yangu. Nikamsikia kwa spika nikiwa barabarani: eti Lesotho iko na bahari! Ningerudi mbio, lakini mgonjwa hakimbii.

Jumapili, 15 Juni
Akina mama wamepanga zamu ya kuniletea uji. Leo nani amekuja? Gesare! Uji ya wimbi, thermos imejaa. Nikajifunika mpaka macho, na maneno yakatoka yenyewe. Theluji, farasi, mlima unaokua usiku, kofia ya nyasi iliyo kwa bendera. Alicheka mpaka akashika mlango. "Na Duncan alitoa bahari wapi, Mogire?" Akasema Jumanne anaenda Ikonge kwa shangazi yake. Nikipona nimsindikize, nimwambie tena ile ya mlima. Nikikosa, Duncan amejitolea.

Jumatatu, 16 Juni
Nimefikiria sana. Nikipona, uji inaisha, Gesare haji tena. Nikiumwa, anakuja. Si hiyo iko wazi? Nimeambia Vivek kwa simu blanketi ingoje kidogo, bado natetemeka. Gesare akapitia kuuliza kama nimepona. Nimekohoa vizuri sana! Alisimama mlangoni kidogo, akasema basi, pole.

Jumanne, 17 Juni
Wamepita asubuhi, wanaelekea Ikonge. Duncan amebeba kikapu cha Gesare. Gesare anacheka. Maskini Duncan! Matope yote hiyo, na hakuna mtu wa kumpikia uji. Mimi nimeota jua nje, nimeshiba ndizi, nimepanga kukohoa mpaka mwezi uishe. Gesare atanizoea tu.

Naacha hapa. Naona Mama Eucabeth kwenye migomba, ni zamu yake ya thermos, na nyuma yake Mzee Momanyi amekunja mikono ya shati, tayari kuomba. Lazima nikimbie ndani ya blanketi kabla waone vile niko mzima.