Ukuta wa Mbele Haujachelewa

Kwa Daktari Mkuu,
Kliniki ya Moyo, ghorofa ya pili.

KUH: KUPINGA MAJIBU YA PICHA YA MOYO WANGU

Mheshimiwa Daktari,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima. Mimi pia nilikuwa mzima hadi Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, nilipoingia kwenye chumba chako cha ultrasaundi.

Kama hunifahamu, mimi ndiye mpiga ngoma kubwa wa bendi ya matarumbeta ya mji huu, na huu ni mwaka wangu wa thelathini na moja. Ngoma kubwa ndiyo inayowaambia wengine mguu upi uende mbele. Nikikosea mimi, watu arobaini wanakanyagana, na hawajawahi kukanyagana. Nilikuja kwenu kwa sababu kaka yangu, Mungu amrehemu, aliinama kufunga kamba za viatu na hakuinuka tena. Mke wangu akaapa kwamba sitafunga kamba nyumbani kwake mpaka nipimwe. Nimevaa ndala wiki mbili, Mheshimiwa, hadi kwenye harusi. Basi nikaja, na yaliyonipata ni haya:

1. Nililazwa ubavu wa kushoto kifua wazi, nikapakwa jeli ya baridi, kisha mtaalamu akawa ananipitishia kifaa kifuani kama anayepiga pasi. Nikavumilia. Akafungulia sauti ya mashine. Miaka yote hii nimeamini kwamba ndani ya kifua changu mna ngoma. Nilichosikia ni mtu anafua mashuka. Hakuna aliyenitayarisha kwa jambo hilo.

2. Picha za kwanza zilitoka safi, na mngekuwa watu wa shukrani mngeishia hapo. Badala yake nikapandishwa kwenye mkanda unaokimbia chini ya miguu, eti tuone moyo ukichoshwa unafanyaje. Kila dakika tatu mkanda uliongezwa kasi na kuinuliwa kama mlima, bila filimbi, bila hata ishara ya mkono. Bendi ya chekechea haibadilishiwi mwendo namna hiyo! Kisha nikarudishwa kitandani mbiombio, nikapigwa picha nyingine kabla sijapata pumzi.

3. Hapo ndipo nilipovunjiwa heshima. Daktari wako alisema kwamba ukuta wa mbele wa moyo wangu, ukikimbizwa, unajikunja kwa unyonge na kuchelewa nyuma ya wenzake, na kwamba huenda mshipa unaoupelekea damu umeanza kuziba. Kuchelewa! Mimi! Nimepiga ngoma mvua ikininyeshea, nimepiga nikiwa na homa, nimepiga siku mtoto wangu wa kwanza anazaliwa, na sijachelewa pigo hata moja.

4. Sasa nifike kwa huyo mtaalamu wa kifaa. Nilimfundisha matoazi alipokuwa na miaka kumi na minne. Kila wimbo aliingia nyuma ya pigo, nikampa jina la Baadaye, na mwisho nikamtoa kwenye bendi mbele ya wenzake wote. Alilia mpaka kola ya sare ikalowa. Leo, ndani ya chumba chenye giza, Baadaye ananionyesha mimi mahali panapochelewa! Tena kwa adabu zote: “Mwalimu, tazama hapa. Moja, mbili... umeona?” Nikaona. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

5. Nilipomwambia daktari kwamba sisikii maumivu yoyote, alifurahi. Akasema huo ndio uzuri wa kupima mapema, tatizo linaonekana kabla halijauma. Kwa mtindo huo fundi viatu atanivua viatu vizima barabarani kwa kuwa soli inafikiria kuchoka, na mwalimu wa shule atamwadhibu mtoto kwa kelele za mwaka ujao.

Kwa hiyo ninaomba, kwa unyenyekevu mkubwa, majibu yangu yaandikwe upya, yaseme kwamba ukuta wa mbele ulikwenda sawasawa, ila kuta nyingine ndizo zilizokuwa na haraka. (Ninajua Baadaye naye alijitetea hivyohivyo zamani zile. Yeye alikuwa anasingizia.) La sivyo nipimwe tena bendi nzima ikiwa chumbani, ili moyo upate mwendo wa kueleweka. Nimekipima chumba kwa macho: matarumbeta yatakaa upande wa sinki, na Baadaye atasubiri nje ya mlango.

Zaidi ya yote, miadi ya Alhamisi ya kupiga picha mishipa yenyewe ifutwe. Jumamosi tunafungua soko jipya, kuna mlima kutoka stendi hadi sokoni, na bila mimi hakuna anayejua mguu upi uende mbele. Wanabendi wote wameweka saini zao hapa chini kuthibitisha maneno yangu.

Nisalimie mlinzi wa getini, mama wa mapokezi, na yule muuguzi aliyebandua vibandiko vya nyaya za mashine pamoja na nywele zangu saba za kifuani. Mwambie nimemsamehe kwa nne.

Wako asiyechelewa,
Mpiga Ngoma Kubwa

Nyongeza: Utaona saini hazipo. Jana mazoezini niliwasomea barua hii kwa sauti, nikampa kalamu mpiga tarumbeta wa kwanza. Akatazama viatu vyake. Nikampa wa pili, naye akatazama viatu vya mwenzake. Mwishowe wa kwanza akasema, “Mzee, usikasirike. Tangu mwaka jana, kila tukipanda mlima ngoma yako inabaki nyuma. Tulikubaliana tuwe tunapunguza mwendo ili usijue.” Watu arobaini, Mheshimiwa, mwaka mzima wananisubiri, na kwa ustadi ambao mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha! Nilikasirika, nikacheka hadi machozi, kisha nikaogopa. Nilikumbuka kamba za kaka yangu.

Alhamisi nitakuja. Nitakuwa mlangoni saa moja na nusu, nimevaa viatu vya kamba, mke wangu atanifungia. Naomba Baadaye awepo, yeye na si mwingine, kwa kuwa kati ya wote niliowafundisha ni yeye wa kwanza kuthubutu kuniambia. Mwambie asichelewe.