Kipupwe cha Nguo Nyeusi

Jumanne, 1 Julai 1986

Tangu mitumba iruhusiwe, watu wamechanganyikiwa. Enzi za shida mtu alikuwa na shati moja na akili timamu. Sasa robota linafunguliwa gulioni na kila mmoja anatoka na alichokishika kwanza. Mfano ninao chumbani. Novatus, dereva wa lori ninayepanga naye, ana shati la mananasi, suruali ya mistari na koti la zambarau. Hakuna hata viwili vinavyosalimiana.

Mpango wangu: nguo chache, rangi moja. Kila shati livalike na kila suruali, sweta liwe la wote. Asubuhi hufikiri, unavaa tu. Kipupwe kimeshaingia, kwa hiyo naanza na nyeusi. Haionyeshi uchafu.

Haraka yangu ni Careen. Anafundisha shule ya msingi hapa Same, kwao ni Mbaga. Baba yake, Mzee Eliufoo, humtazama mtu nguo kabla ya uso. Posa yangu itasikilizwa Jumapili ya tarehe 20. Mzee ana kahawa nyingi. Wenye midomo wanasema si yote inayokwenda ushirika, nyingine huvuka mpaka. Si kazi yangu.

Novatus humpa Careen lifti kila Ijumaa lori linapopanda kufuata kabichi. Anasema anamsaidia mwalimu. Sawa.

Jumamosi, 5 Julai

Nimenunua suruali ya kijani, nyingine ya maziwa, mashati mawili ya waridi na sweta lenye picha ya bata. Zote nikampelekea fundi Omari azichemshe kwenye pipa la rangi. Akanitazama kwa muda, akasema pole. Nilidhani ananionea huruma kwa ajili ya bata. Nikajibu asante. Alikataa hela ya rangi. Mtu mwema sana.

Bata bado anaonekana ukisimama juani. Nitasimama kivulini.

Jumatatu, 7 Julai

Siku ya kwanza. Jua la Same halijapata habari za kipupwe. Nimelowa jasho hadi soksi.

Lakini heshima! Kazini kwangu ghalani wote wameongea nami kwa sauti ya chini. Bosi kanishika mkono kwa mikono miwili, akaniambia nikapumzike. Kweli watu wanamtambua mtu aliyejipanga.

Jioni alikuja Mama Raheli, mwenye nyumba, na kifurushi cha gazeti. Ndani: sukari. Sukari yenyewe, ambayo dukani imebaki jina tu. Akasema pole na msiba, Rodrick mwanangu, umefiwa na nani?

Nikafungua mdomo kumweleza mpango wa rangi moja. Nikaitazama sukari. Nikasema shangazi.

Ninaye shangazi mmoja tu, Koleta, wa Makanya, mwenye afya kunizidi. Lakini wa Makanya huja Same kwa shida, nauli imepanda.

Jumatano, 9 Julai

Rambirambi: mchele, mafuta ya taa, kipande cha sabuni. Novatus kanywa chai yangu kwa sukari vijiko vitatu, akauliza marehemu aliugua nini. Kifua, nikasema. Akavua kofia. Kwa mara ya kwanza nilimpenda kidogo.

Jumapili, 13 Julai

Careen amerudi kutoka kwao. Novatus alimhadithia msiba njia nzima, na yeye akamhadithia baba yake. Mzee anatoa pole nyingi. Ila anashangaa: msiba bado wa moto, huyu kijana anatafuta jiko? Posa isubiri mwakani.

Nikajibu haraka kwamba marehemu mwenyewe aliacha neno nisicheleweshe. Careen akasema basi mkubwa wa kwetu aje aseme hivyo kwa kinywa chake. Tena posa haiendi bila shangazi, akaniuliza kama nimebakiwa na mwingine.

Hili sikuwa nimelipigia hesabu. Wazazi wangu walishafariki. Mkubwa aliyebaki ni marehemu.

Nimesema yupo mdogo wake.

Jumatano, 16 Julai

Nimemtuma kondakta wa basi Makanya: Shangazi Koleta aje Jumamosi kwa shughuli ya posa, na avae nyeusi. Jibu limerudi na kondakta huyohuyo. Posa amefurahi. Nyeusi hana, hajafiwa, na ana kitenge kipya cha majogoo.

Haidhuru. Jumapili njiani nitamweleza taratibu kwamba yeye ni mdogo wake mwenyewe. Ni mwelewa.

Jumapili, 20 Julai

Jana Shangazi alifika na basi la mwisho, akala, akalala kwa Mama Raheli. Nilimtambulisha kama mdogo wa marehemu, yeye akiwa amegeuka kutafuta kandambili. Sikupata nafasi nyingine.

Leo Novatus kajitolea lori. Shangazi akaketi mbele, kama inavyompasa mkubwa. Mimi nyuma na magunia matupu. Yaani maelezo yote niliyoyapanga nimeyaeleza magunia. Kila kona nilipiga paa lori lisimame nizungumze naye. Novatus akidhani namsifu kwa kukata kona, akajibu kwa honi.

Nilishuka mwekundu kwa vumbi kuanzia nywele hadi viatu. Nyeusi inaonyesha vumbi kuliko rangi zote. Nalirekodi kama jambo la kitaalamu.

Mzee Eliufoo alikuwa na wazee wawili, ndizi na kahawa tayari. Hakunitazama uso, kweli. Alitazama nguo, akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema kabla ya neno lolote tumwombee marehemu Koleta. Tukainama. Shangazi akafumba macho na kuomba kwa sauti nzuri kuliko wote. Alipomaliza amina, akauliza kwa upole huyo marehemu alikuwa mtoto wa nani.

Mzee akasema ni wa Makanya, dada wa baba yake Rodrick.

Shangazi akaweka kikombe chini.

“Shikamoo, mzee. Marehemu ni mimi.”

Pale mlangoni Novatus alivua kofia, akafikiri, akairudisha.

Ikabidi nieleze. Nilieleza vizuri, tangu robota hadi bata. Nilionyesha jinsi kila shati linavyokubali kila suruali. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

“Kwa hiyo umemzika shangazi yako ili suruali ilingane na shati.”

Nikasema kwa ufupi ni hivyo.

Shangazi hakulia wala hakunipiga. Alitaka kujua kitu kimoja.

“Watu wakinililia huleta vitu. Sukari ya msiba wangu iko wapi?”

Hapo Mzee alicheka hadi akakohoa, na mzee mmoja akatoka nje kabisa. Hukumu: sikufukuzwa. Nirudi Jumapili ya tarehe 3 Agosti, nimevaa kama mtu asiye na matanga.

Careen hakucheka. Alinisindikiza hadi penye migomba, akasema Novatus naye ameomba siku ya kuposa, kwa heshima, na hajaua mtu. Baba yake anampenda mchapakazi. Yeye amenisubiri mimi, lakini hatanisubiri mara ya tatu. Akanipangusa vumbi begani, akaacha. Lilikuwa jingi mno.

Jumanne, 22 Julai

Shangazi ameondoka na sukari, mchele, sabuni na mafuta ya taa. Amesema ni haki ya marehemu. Tarehe 3 haji, mtu hazikwi na kuposa mwezi uleule. Kwanza nikapokelewe, yeye atafuata. Mama Raheli amesikia yote na anadai sukari yake. Novatus ameacha kunisemesha, amerudia chai isiyo na sukari.

Nimechambua kosa kwa utulivu. Mpango ni mzima. Kilichokosea ni rangi peke yake.

Ijumaa, 25 Julai

Kaki! Robota zima la kaki. Mashati yenye mifuko minne na mikanda ya mabegani, suruali ngumu zisizojikunja, na kofia. Kaki haionyeshi vumbi na hakuna msiba wa kaki duniani.

Ijumaa, 1 Agosti

Nimezijaribu gulioni. Hakuna hata mmoja aliyenipa pole. Wauza sukari walifunika makapu kwa kanga nilipokaribia, kwa adabu nadhani. Muuza sabuni mwenye mvi kanipa shikamoo, nikaitika marahaba kabla sijafikiri. Kondakta aliniita afande, akakataa nauli yangu na kuniomba tusisumbuane.

Mzee Eliufoo atafurahi mwenyewe.

Jumapili, 3 Agosti

Nimepanda Mbaga. Sehemu ya mwisho kwa miguu, nikiwa na kalamu mfukoni kwa ajili ya kukamilisha sura. Watoto waliniona kutoka mbali wakakimbia mbele kutangaza ujio wangu. Sikuwahi kupokelewa hivyo.

Nyumba ya Mzee imefungwa. Moshi unatoka jikoni. Nikamwuliza jirani, yule mzee aliyetoka nje kwa kicheko siku ile. Akaitazama mikanda ya mabegani bila kufika usoni, akaapa hamjui Eliufoo yeyote, na hapa kijijini wanalima ndizi tu. Kichanja cha kuanikia kahawa kilikuwa kitupu, punje moja bado inaviringika.

Nilibisha hodi kwa nguvu, kama mtu mwenye nia njema. Ndani kitu kizito kikaburutwa. Nikazunguka nyuma.

Lori. Novatus na Mzee wanapakia magunia, kabichi juu. Mzee alikuwa anamwita Novatus mwanangu. Careen yuko mbele, kwenye kiti cha shangazi. Alinitambua yeye peke yake. Alinitazama kuanzia kofia hadi viatu, akafumba macho kama mtu anayesali, kisha akapandisha kioo. Lori likaondoka kabla sijavua kofia.

Nilimwonea huruma Novatus. Siku kubwa kama hii, na shati lile lile la mananasi.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimelala vizuri. Mpango ni mzima. Ni rangi tu. Nyeupe haina maneno: nyeupe tupu, kuanzia shingoni hadi miguuni.

Asubuhi nimekwenda kwa fundi Omari. Kitambaa anacho, kingi. Aliniuliza tu urefu wangu nikiwa nimelala.