Jemadari wa Wiki Nane

Siku aliyoamua kuwa kocha wa farasi, Kaimu alikuwa na viti sita vya plastiki mgongoni, na katika maisha yake yote hakuwahi kumgusa farasi. Hilo la pili hakuliona kama kasoro. Aliwahi kuwa daktari wa meno kwa siku mbili akiwa na koleo tu.

Jina la Kaimu alipewa na mtaa, kwa sababu kila kazi aliyoifanya aliifanya kwa niaba ya mwenyewe ambaye hana habari. Alikuwa kaimu meneja wa kiwanja kisichouzwa, kaimu mwakilishi wa kampuni ya maji, kaimu mchumba wa mjane mmoja mwenye duka la vitambaa, mpaka akaoa kweli na kumwapia mkewe kwamba ameacha. Mkewe alikodisha viti na maturubai kwa wenye sherehe. Alikuwa na gari moja la mizigo, na bila gari hilo hapakuwa na biashara. Alilinunua kwa miaka saba ya kufua vitambaa vya meza vilivyomwagikiwa mchuzi na watu wengine, na alipokwenda kuliandikisha aliweka jina la mumewe kwenye kadi. Alisema mwanamume akiwa na kitu chake mwenyewe hana haja ya kuvizia vya wenzake. Kaimu alilia siku ile, machozi ya kweli. Tumsifu hapa hapa, maana nafasi nyingine ya kumsifu haitapatikana.

Basi walikuwa wamepeleka viti kwenye maonyesho ya farasi. Kando ya uzio alisimama tajiri mmoja muuza mabati, amevaa buti zinazong'aa, anaifokea simu yake. Ndani ya uwanja farasi wake alikuwa amegoma katikati ya maonyesho na anakula maua ya mapambo.

"Kocha wako yuko wapi, bosi?" Kaimu aliuliza kwa huruma.

"Ng'ambo. Namrekodi farasi, namtumia video, yeye ananiambia nifanye nini."

"Na huja lini kumwangalia?"

"Aje kufanya nini?" Muuza mabati alimtazama kama mtu anayemtazama mshamba. "Kocha hamgusi farasi. Kocha anaona."

Kaimu alivitua vile viti polepole. Aliwaogopa farasi sana, tena woga wa kumfanya mtu mzima ajifiche nyuma ya mkewe, na hapa palikuwa na kazi ya heshima ambayo sharti lake la kwanza ni kukaa mbali nao. Aliona waziwazi kwamba hakuacha utapeli. Alikuwa likizo tu.

Wiki iliyofuata stoo ya viti iligeuka ofisi. Alitundika tandiko la kuazima ukutani, akavaa kofia ya ukingo mpana, akakaa mbele ya simu. Muuza mabati akawa mwanafunzi wa kwanza, na kupitia kwake wakaja wengine, maana matajiri huambukizana walimu kama wanavyoambukizana mafua. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Video ikifika, Kaimu alikaa saa nzima bila kujibu, ili ionekane anafikiri. Kisha alituma sauti: "Kichwa kiko juu mno." Wiki ya pili: "Sasa kichwa kiko chini mno." Mtu akilalamika haoni maendeleo, Kaimu alishusha pumzi na kusema, "Usiharakishe. Farasi anakusikiliza. Wewe je, unamsikiliza?" Kuna mwanasheria mmoja alilia kwa maneno hayo.

Mkewe, akipanga viti upande wa pili wa ukuta wa mbao, alisikia yote.

"Mume wangu, farasi umewajua lini wewe?"

"Ni ushauri tu, mke wangu. Kocha hamgusi farasi. Hakuna anayeumia."

"Ndivyo ulivyowaambia na wale wa meno."

Kaimu alivaa kofia yake akaendelea na kazi.

Mwezi wa pili akaja mama mmoja, mkunga mstaafu, sauti laini ya kubembelezea watu wenye uchungu. Alikuwa na farasi mmoja wa kahawia aitwaye Jemadari. Katika video ya kwanza Jemadari alizungushwa kwa kamba ndefu mbele ya banda lenye mlango wa kijani uliobanduka rangi. Alikuwa anachechemea mguu wa nyuma, shingo imelegea, mdomo umeota mvi.

"Mama, tatizo la farasi wako nimeliona," alisema Kaimu. "Lipo masikioni. Hayajaamka. Mkande masikio asubuhi na jioni."

"Masikioni," mama alirudia. "Mwalimu, wewe ndiye niliyekuwa nakutafuta."

Wiki ya pili Jemadari alichechemea kidogo tu. Wiki ya tatu hakuchechemea. Mama alituma sauti ya furaha, akaomba kitu kimoja: mkwe wake anamcheka kwamba anapoteza pesa kwa farasi mbovu, je, Mwalimu hawezi kumwandikia karatasi yenye sahihi? Kaimu aliandika kwa mwandiko wa kujipindapinda kwamba yeye, kocha mtaalamu, amemchunguza Jemadari na kumkuta mzima, hana kasoro mguuni wala mahali pengine popote. Akagonga muhuri uliobaki tangu enzi za meno, ambao kwa bahati nzuri haukusomeka.

Wiki ya tano farasi alianza kuinua miguu kwa madaha. Ya sita mvi za mdomoni zikapungua. Ya saba alicheza, shingo imepinda, mkia umesimama, na Kaimu aliirudia video ile mara tisa. Hakuna mwanafunzi mwingine ambaye farasi wake alibadilika hata kidogo. Wa muuza mabati ndiyo kwanza alikuwa amehamia kula kofia za watazamaji. Huyu peke yake ndiye aliyefuata masharti.

"Naona hata mlango wa banda mnaupiga rangi kidogo kidogo," alimwambia mama. "Vizuri sana. Farasi hujifunza haraka mahali pasafi."

"Jicho lako halipitwi na kitu, Mwalimu."

Hapo ndipo maradhi yalipomwingia. Mtu aliyedanganya mji mzima kwa miaka ishirini alikaa kwenye kiti cha plastiki akaamini kwamba ana kipaji. Alijiuliza ni vipaji vingapi vingine amekuwa akiviigiza bila kujua kwamba anavyo. Akawaza meno.

Wiki ya nane ilikuwa ya ajabu. Jemadari, mweusi mdomoni, anang'aa, alipita mbele ya mlango wa kijani uliopakwa rangi mpya na kuinama kama anasalimia. Kaimu alimpigia muuza mabati. "Bosi, ukipata farasi aliyekwisha fundishwa, unamtaka?"

"Leo hii. Bei utaje wewe. Huyu wangu ananiaibisha."

Kisha akampigia mama, kwa sauti ya msiba. Alimweleza kwamba mwaka huu farasi wa kahawia hawana soko, kwamba kumtunza ni gharama, kwamba kwa mapenzi tu angeweza kumpokea. Mama alisikitika. Alisema pesa hana haja nazo, anahamia kwa binti yake mwisho wa wiki, banda lenyewe ni la kupanga, na shida yake ni moja tu: gari la kubebea vyombo.

Kaimu alitazama kadi ya gari ndani ya droo, yenye jina lake. Jioni muuza mabati angelipa, na angemnunulia mkewe magari mawili. Alimwambia mkewe analipeleka gari kwa fundi. Mkewe alikuwa na viti mia vya kupeleka ukumbini saa kumi.

"Usichelewe, tafadhali. Watu hawa ni wateja wapya."

"Nitarudi kabla hujamaliza kuvipanga."

Bandani, Jemadari alikuwa ametoa kichwa tu juu ya mlango, mdomo umezama ndani ya mfuko wa majani. Mama, mfupi, miwani puani, alimkaribisha vizuri.

"Tumtoe umtazame anavyotembea?"

Kichwa kile kilikuwa kikubwa kuliko kilivyoonekana kwenye simu, tena kilikuwa kinapumua. Kaimu alirudi nyuma hatua mbili. "Hakuna haja, Mama. Huyu namjua kuliko ninavyojijua mimi." Ili aonekane anachunguza kitu, akautazama mlango. "Rangi imeanza kubanduka tena?"

"Mvua hizi, Mwalimu."

Walitia sahihi makubaliano, gari kwa farasi, cheti cha afya kikabanwa pamoja nayo. Vyombo vilikuwa tayari vimefungwa kwa kamba. Katika nusu saa gari lilikata kona, na mama akampungia mkono kama mkunga anayeagana na mzazi aliyejifungua salama.

Muuza mabati alifika baada ya chakula cha mchana. Mtunza mabanda akafungua mlango. Jemadari alitoka, akachechemea hatua nne, akasimama, akashusha pumzi ndefu. Mdomo ulikuwa mweupe kwa mvi.

"Huyu si Jemadari?" muuza mabati alisema. "Huyu alikuwa bingwa wetu. Alistaafu miaka mitatu iliyopita, nyonga ilipoharibika. Siku zile banda hili lilikuwa jipya, linanukia rangi."

Kaimu alitoa simu, akazitazama video zote nane, safari hii akianza na ya mwisho. Farasi kijana, mlango mpya. Kisha mvi, kisha rangi inabanduka, kisha mguu. Miaka mitatu ya kuzeeka alikuwa ameiangalia kinyumenyume na kuiita mafunzo. Alipiga simu.

"Mama, umeniuzia farasi mbovu."

"Mwanangu, nimekupa farasi mwenye cheti cha mtaalamu. Ukienda polisi kipeleke, watakuwa na hamu ya kumjua mtaalamu huyo." Nyuma yake injini ya gari la viti ilikuwa inanguruma vizuri. "Nilikuonyesha farasi anayeburuta mguu, ukaniambia masikio. Nikasema huyu ndiye atakayemtunza farasi wangu mzee, maana hatajua hata namna ya kumuuza. Usimpe majani yenye ukungu."

Muuza mabati alikuwa ameshaondoka. Mtunza mabanda alimkabidhi Kaimu kamba, akamwonyesha njia, akafunga geti. Mtu na farasi walivuka mji kwa miguu, Kaimu mbele, akigeuka kila hatua kuangalia kama anang'atwa, Jemadari nyuma, mtulivu, akisimama taa ikiwa nyekundu.

Mkewe alikuwa mlangoni pa stoo, viti mia vimepangwa tayari. Alimtazama mume, akamtazama farasi, akatazama nyuma yao barabara nzima.

Kaimu alieleza. Alijaribu kuanzia katikati, ikashindikana, akaeleza yote.

Mkewe hakupandisha sauti. "Niliandika jina lako," alisema, "kwa sababu nilikuwa nakupenda na nilitaka uache kuona haya." Aligeuka akavitazama vile viti mia. "Saa ngapi sasa?"

"Tisa na nusu."

Alimfunga Jemadari kivulini, akamwekea ndoo ya maji, akampapasa shingo. Kisha akachukua viti sita akavipanga kwenye mgongo wa mumewe, akavuta kiti cha saba akakikalia, akamwelekezea mumewe simu, anamrekodi.

"Nenda."

Kaimu alikwenda. Ukumbi ulikuwa mtaa wa nne. Alirudi, akabebeshwa vingine, akaenda tena, na kila alipopita sauti ya mkewe ilimfuata, taratibu, kwa maneno yale yale ambayo mke huyo aliyasikia miezi yote ile kupitia ukuta wa mbao.

"Kichwa kiko juu mno. Sasa kiko chini mno. Usiharakishe."

Raundi ya nne jasho lilimwingia machoni. Alisimama, akaomba kwa unyonge, "Mke wangu, hunisaidii hata kimoja?"

Mkewe alirekebisha simu ili apate miguu yake vizuri.

"Kocha hamgusi farasi," alisema.