Maksai Wangu Hapandi Lori

Jumatatu, 3 Juni
Vita vimetangazwa! Mwenye bucha anatafuta mfugaji mmoja wa kumletea ng'ombe kila wiki. Kabakiza wawili: mimi na shemeji. Mwisho wa mwezi kila mmoja apeleke maksai mmoja, wachinjwe, nyama ndiyo itakayoamua. Mke wangu, bila haya, kasema nikishindwa, maksai wangu wawili watakaobaki wanahamia zizi la kaka yake.

Shemeji alianza zamani kumzoesha wake nafaka, konzi moja moja. Mwoga! Mimi leo nimeondoa majani yote, nikamwaga debe zima la mahindi yaliyoparazwa, molasi juu. Maksai kala mpaka kalamba debe. Tutaona.

Jumatano, 5 Juni
Tumeona. Tumbo limevimba upande wa kushoto, kinyesi kama uji, kusimama hataki. Daktari wa mifugo kaja, kanigombeza kama mtoto aliyevunja sahani. Ati tumbo la ng'ombe huzoeshwa nafaka polepole. Majani yarudi, mahindi yaongezwe kidogo kidogo. Nimekubali shingo upande. Shemeji naye kaja kunipa pole, kavaa shati lililopigwa pasi. Pasi, zizini! Imeniuma.

Jumatatu, 24 Juni
Nani alisema siwezi? Maksai anang'aa! Nimempapasa mbavuni, mafuta yapo. Daktari mwenyewe kakiri kwamba amenona. Kisha kaharibu: kesho asafirishwe kwa lori, taratibu, akifika apewe maji, apumzike, achinjwe siku ya pili. Shemeji kanikaribisha kwenye lori lake. Lori la adui! Nimsumbukie mnyama hivi, halafu apite chini ya turubai bila kuonekana na mtu? Thubutu. Ataenda kwa miguu, katikati ya mji.

Jumanne, 25 Juni
Kuonekana tumeonekana, hilo halina ubishi. Pikipiki ilipiga honi, maksai akakata kamba. Kaingia kwa kinyozi, mteja katoka mbio na nusu ya nywele. Nimemfukuza kwa fimbo mpaka machinjioni, sote tunahema. Wa shemeji alikuwa kivulini, anacheua. Mwenye bucha kashauri wangu naye alale apumzike. Nikamwambia amchinje leo leo, damu ikiwa bado inachemka.

Jumatano, 26 Juni
Nyama yangu nyeusi, inanata vidoleni. Ya shemeji nyekundu, safi. Mwenye bucha kaniambia, kwa upole ulioniudhi zaidi, kwamba mnyama akikimbizwa kabla ya kuchinjwa nyama huharibika. Kazi kampa shemeji.

Nimejifungia chooni nikalia. Mke kagonga, kasema chai inapoa, na kaka yake analeta lori Jumamosi kuwachukua wale wawili.

Lori tena! Hapana. Nimekaa nimefikiri, na sasa najua kosa liko wapi. Si mbio. Maksai yule hakuwa na pumzi, basi! Hawa wawili nitawapeleka mwenyewe, kwa miguu, na kesho asubuhi tunaanza mazoezi ya kukimbia.